Hata Mbwa Wamepewa Majina

Kuna chungu kimoja Florence, Italia, katika Makumbusho ya Akiolojia, ambacho naona kila kijana anayeota kuandika riwaya angekifahamu, hata yule ambaye historia ya Wagiriki ilimlaza usingizi darasani. Ni chungu cha udongo chenye kimo cha sentimita 66, na mzunguko wake tumboni unakaribia mita 1.8. Yaani ukikikumbatia (walinzi hawatakuruhusu, lakini tuseme) mikono yako haitakutana upande wa pili. Kilifinyangwa Athens yapata mwaka 570 kabla ya Kristo. Kimezungushiwa hadithi kutoka mdomoni hadi kwenye mguu, mstari chini ya mstari, watu na wanyama wapatao 270. Na katikati yao, kama sisimizi wanaopita miguuni mwa wageni wa harusi, kuna maandishi madogo madogo zaidi ya 120. Mengi ni majina.

Hayo majina ndiyo yaliyonivuta, na habari yangu ni hiyo. Mwenye kutaka kusifiwa uzuri wa rangi atafute mwandishi mwingine.

Tuanze na jina la chungu chenyewe. Dunia inakiita Chombo cha François. Ukisikia hivyo utadhani François ndiye fundi. Wapi! Alessandro François alikuwa mchimbaji wa vitu vya kale, Mwitalia wa karne ya 19. Mwaka 1844, mahali paitwapo Fonte Rotella karibu na mji wa Chiusi, alikuta vipande vya chungu katika makaburi ya Waetruski, watu waliotawala sehemu hizo za Italia kabla Warumi hawajawameza. Wezi walikuwa wameshaingia humo tangu zamani za kale, wakachukua walichokitaka na kutawanya kilichobaki. Mwaka 1845 François akarudi kuchimba tena, akapata vipande vingine, vikaungwa. Ni kazi ya maana, siibezi. Lakini chungu chenyewe kina maneno yake, na kinayasema mara mbili: Ergotimos alinitengeneza, Kleitias alinichora.

Hebu rudia kusoma hapo. "Alinitengeneza." Chungu kinajisemea chenyewe kwa nafsi ya kwanza, kama mtoto aliyeulizwa njiani, "Wewe wa nani?" akawataja wazazi wake. Wagiriki wa wakati ule walipenda kuvipa vitu vyao sauti namna hiyo. Na kile kitenzi cha Kleitias kina jambo ndani yake: kwa Kigiriki kuchora na kuandika ni neno moja. Kwa hiyo unaweza kusoma "Kleitias alinichora" au "Kleitias aliniandika", yote sawa. Sisi nasi, kabla ya kuandika barua, tuliandika meza, tukipanga sahani na vyakula mbele ya wageni. Nikilitazama tumbo la chungu kile naona maana zote tatu zimekutana: jamaa amechora, ameandika maneno, na ameandika meza.

Sasa ufundi, kwa kifupi, maana bila huo hayo majina yasingefika kwetu. Udongo wa Athens una chuma, na ukichomwa hugeuka rangi ya machungwa. Mchoraji alichukua udongo ule ule, akauchuja mpaka ukawa laini kama uji mwepesi, akachorea nao watu kama vivuli. Kisha akachukua kitu chenye ncha kali akakwaruza ndani ya kivuli mistari ya macho, vidole, mikunjo ya nguo na manyoya ya farasi. Baadaye chungu kikaingia tanurini. Mwanzo moto ulipewa hewa, chungu chote kikawa chekundu. Halafu matundu yakazibwa, zikatupwa kuni mbichi, hewa ikakosekana humo ndani, chungu chote kikageuka cheusi. Mwisho hewa ikaruhusiwa tena. Sehemu zisizochorwa zikarudi rangi ya machungwa, lakini zile zilizopakwa uji wa udongo zilikuwa zimeshafunga kama kioo, hewa haipenyi, weusi ukabaki palepale. Nyuso za wanawake alizipaka nyeupe, na sehemu nyingine akaongeza wekundu wa zambarau. Kosea kidogo wakati wa kufungua hewa, miezi ya kazi imekwenda na maji. Si mchezo.

Chombo kama hiki Wagiriki walikiita krateri, na kazi yake ilikuwa kuchanganyia mvinyo na maji kwenye karamu. Kunywa mvinyo usiochanganywa waliona ni ushenzi. Ila krateri hii haikuishia kwenye karamu za Athens. Ilisafirishwa ng'ambo, ikanunuliwa na tajiri mmoja wa Kietruski, ikaishia kaburini Chiusi. Wahenga walishasema, mfinyanzi hulia gaeni.

Twende kwenye hadithi. Mstari ulio tumboni, mpana kuliko yote, unazunguka chungu kizima bila kukatika, nao ni harusi ya Peleus na mungu wa bahari aitwaye Thetis, ambao watamzaa Achilles. Miungu inakuja kutoa pongezi, wengine kwa magari ya farasi, wengine kwa miguu. Bwana harusi amesimama nje kuwapokea. Bibi harusi yumo ndani, mlango uko wazi nusu, amekaa anainua shela. Kila mgeni ana jina lake pembeni. Wazo la msafara huu Kleitias hakulibuni. Miaka michache kabla yake mchoraji mwingine wa Athens, Sophilos, aliichora harusi hiyo hiyo, naye akatia jina lake. Chombo hicho sasa kiko Makumbusho ya Uingereza, London. Nawaambia hivi wale wenzangu wanaoacha kuandika kwa sababu hadithi yao "imeshaandikwa". Kleitias aliikuta imeshachorwa, akaichora tena, na ya kwake ndiyo inayonikosesha usingizi.

Inanikosesha usingizi kwa sababu ya mgeni mmoja. Miungu karibu yote inatembea imegeuza uso upande, kama ilivyokuwa desturi ya uchoraji wa wakati ule. Dionysos, mungu wa mvinyo, hafanyi hivyo. Yeye amebeba mtungi mkubwa begani, anakwenda kama mtu aliyelemewa, na uso wake ameugeuza kabisa kutoka kwenye harusi, anakutazama wewe. Macho makavu. Kwa nini? Katika kisa cha Homer, Dionysos alimpa Thetis mtungi wa dhahabu, na mifupa ya Achilles ilipochomwa ikawekwa humo pamoja na mifupa ya rafiki yake Patroklos. Wako wataalamu wanaosema mtungi anaoubeba hapa ndio ule ule, na wako wanaokataa, wanasema ni mvinyo wa harusi tu. Mimi naungana na wa kwanza. Zunguka chungu uone. Juu ya harusi kuna michezo ya msiba wa Patroklos. Chini yake Achilles anamkimbiza kijana Troilos ili amuue. Na kwenye mikono ya chungu, huku na huku, Ajax amembeba Achilles mwenyewe begani, maiti, miguu inaning'inia. Katikati ya hayo yote mama yake ndiyo kwanza anainua shela. Bwana, mtu aliyepanga picha hivyo alijua mwisho wa kitabu kabla hajaandika ukurasa wa kwanza.

Na alijua kubadili mambo pia. Ile michezo ya msiba ni mashindano ya magari ya farasi. Kwa Homer mshindi ni Diomedes, na Odysseus hashindani kabisa kwenye magari. Kwa Kleitias anayeongoza ni Odysseus, jina lake limeandikwa kwa matamshi ya mtaani Athens, Olyteus, na Diomedes anamfuata nyuma. Kati ya waendeshaji watano aliowachora, Diomedes peke yake ndiye utakayemkuta kwenye mbio za Homer. Yawezekana Kleitias alisikia kisa kutoka kwa waimbaji wengine, maana siku zile hadithi hizi zilikuwa mdomoni zaidi kuliko kitabuni. Yawezekana pia alijiamulia. Vyovyote iwavyo, hakuomba ruhusa.

Tukirudi kwenye majina, kuna mahali anazidisha mpaka nacheka. Katika kisa cha Troilos, dada yake Polyxena anakimbia, na mtungi wa maji umeanguka chini. Karibu na mtungi kaandika neno la Kigiriki la mtungi. Kwenye kisima pameandikwa kisima. Mzee Priam, mfalme wa Troia, amekaa kwenye kiti, na kiti kimeandikwa kiti. Jamani, nani asiyejua kiti? Kuna wanaosema ni fahari ya watu ambao kusoma na kuandika kwao bado ilikuwa kitu kipya. Inawezekana. Mimi naona ni mtu aliyeona kwamba kila kitu kilichoguswa na kisa kinastahili kuitwa. Mtungi ule si mtungi tu. Ni ule uliomtoka Polyxena mkononi siku ndugu yake alipouawa.

Mdomoni mwa chungu kuna msako wa nguruwe mwitu wa Kalydon. Peleus na Meleager wamesimama mbele kabisa na mikuki, na nyuma yao yumo mwanamke mmoja, Atalanta, mweupe katikati ya weusi. Mtu mmoja, Antaios, ameshauawa, amelala chini ya nguruwe. Na mbwa wapo, na mbwa nao wana majina! Mmoja anaitwa Ormenos. Ametumbuliwa, amelala kwenye vumbi kama Antaios, jina lake liko pale. Nimesoma riwaya nyingi ambamo dereva ni "dereva" na mpishi ni "mpishi" mwanzo hadi mwisho, wanaleta chai na kufungua geti, wanapotea. Mbwa wa Kleitias anakufa na jina lake.

Upande mwingine kuna kisa ambacho nadhani mafundi wenyewe walikipenda, maana kinahusu fundi mwenzao. Hephaistos, mungu wa wahunzi, alikuwa kilema wa miguu, na mama yake Hera alimtupa kutoka mbinguni. Akalipiza kwa kazi ya mikono yake: alimtengenezea mama kiti cha enzi kizuri, mama akakaa, kiti kikamkamata, asiweze kuinuka. Ares, mungu wa vita, alijaribu kumleta fundi kwa nguvu akashindwa. Ndipo Dionysos akaenda na mvinyo, akamlewesha, akampandisha nyumbu akamrudisha. Kleitias amechora dakika ya kuwasili. Hera amenasa kitini. Ares amejikunyata nyuma kwenye kigoda kama aliyefukuzwa kazi, Athena anamgeukia kwa dharau. Hephaistos anaingia juu ya mnyama, mguu wake umepinda, na nyuma yake ni kundi la walevi wenye miguu ya farasi pamoja na wasichana wa porini. Hao walevi na wasichana hawakupewa jina mmoja mmoja, lakini kundi limepewa: Silenoi, Nymphai. Kitu fulani, angalau.

Sasa shuka mpaka chini kabisa. Chini ya tumbo kuna mstari wa simba, sfinksi na wanyama wanaoraruana, usio na jina hata moja. Chini zaidi, kwenye mguu wa chungu, pale ambapo mtu akisimama haoni mpaka ainame, kuna vita vya mbilikimo na korongo. Vidume vifupi vinapigana na ndege, vingine kwa marungu, vingine kwa kombeo huku vimepanda mbuzi kama askari wa farasi. Hakuna aliyepewa jina. Hata jina la kundi halipo.

Kisa hiki ni cha kale. Homer anasema korongo wanapoukimbia baridi na mvua huruka hadi kwenye mkondo wa Bahari Kuu, na kuwapelekea mauti hao watu wafupi. Nchi yao haitaji. Miaka kama 200 baada ya Kleitias ndipo mwanafalsafa Aristotle alipoandika kwamba korongo hao huenda hadi kwenye mabwawa ya kusini mwa Misri, Nile inakotoka, na huko ndiko mbilikimo wanakoishi. Kwa mtu wa Mwanza kama mimi, anayeliona ziwa kila asubuhi, sentensi hiyo haipiti hivi hivi. Nile inakotoka ni huku. Hadithi ikitafutiwa nchi, nchi iliyopatikana ni ya upande wetu. Na neno lao la Kigiriki linatokana na kipimo cha mkono, toka kiwiko hadi kwenye konzi. Sisi nasi, tuliposema mbilikimo, tuliweka kimo ndani ya jina. Watu wa misitu ya Kongo ambao neno hilo lilikuja kubandikwa kwao wana majina yao, Wambuti, Watwa, na wengi hawapendi kuitwa kwa urefu. Nani angependa?

Sitaki kumwonea Kleitias. Alikuwa hajui Kongo wala ziwa letu, alichora hadithi ya masikio. Tena ukiwatazama kwa makini utaona hakuwafanya vinyago vya kuchekwa. Miili yao imekaa sawa, wanapigana kama mashujaa wa juu, wadogo tu. Mkono wake uliwaheshimu. Ila ile kalamu yake, iliyokuwa na muda wa kuandika "kiti" pembeni ya kiti, ilipofika kwao ilinyamaza. Najaribu kumtetea: pengine nafasi ilikuwa finyu, pengine hadithi haikuwa na majina ya kumpa. Lakini nafasi aliipata kwa ajili ya Ormenos. Na majina ya mbwa yanabuniwa tu, hakuna mwimbaji aliyemlazimisha. Ninapofungua daftari langu usiku na kumkuta "mlinzi" au "yule mama muuza maandazi", huwa namkumbuka mtu wa mguuni mwa chungu, juu ya mbuzi wake, kombeo mkononi.

Yaliyokipata chungu baada ya hapo ni kama kisa cha kutunga. Tarehe 9 Septemba 1900, mlinzi mmoja wa makumbusho, akiwa na hasira zake za kazini, alichukua kigoda cha mbao akakirusha kwenye kabati la kioo. Chungu kilichokwisha kuungwa mara moja kikapasuka vipande 638. Jina la mlinzi limehifadhiwa, vitabu vinalitaja kila vinapokitaja chungu. Mimi nimeamua kumwacha bila jina, na ninajua ninachofanya. Fundi aliyeviunga vile vipande ni Pietro Zei, na huyo namtaja kwa furaha. Mwaka 1902 chungu kilikuwa kimesimama tena, ila kwa pengo, maana siku ile ya vurugu mtu mmoja aliokota kipande akaondoka nacho. Kilirudishwa mwaka 1904, kazi ya Zei imeshakwisha, kikabaki nje. Novemba 1966 mto Arno ukafurika, maji na matope yakaingia Florence, chungu kikaumia tena. Kilipofunguliwa na kuungwa upya mwaka 1973 ndipo kile kipande kilichoibwa kikarudi mahali pake.

Mara tatu kimevunjika na kuungwa, na katika yale yaliyosalimika kila mara yamo majina mawili ya mafundi. Chungu kingine kikubwa kama hiki kilichosainiwa nao hakijapatikana. Kuna vitu vidogo tu, mojawapo kikombe kilichochimbuliwa Gordion, Uturuki, chenye majina yao wote wawili. Na kuna vikombe vya mtu mwingine, wa kizazi kilichofuata, aitwaye Eucheiros, jina lenye maana ya mwenye mkono mwema. Naye alivipa vikombe vyake sauti, navyo vinasema: Eucheiros alinitengeneza, mwana wa Ergotimos.